Mtumishi Aliyebaki Ndani ya Utepe

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kwa sasa limepelekwa kufanyiwa marekebisho na halijarudi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiiita nchi yetu tu. Najua wapo watakaosoma habari hii na kucheka. Wacheke. Watu wa kucheka hatujawahi kupungukiwa. Tunaopungukiwa nao ni watu wa kupiga makofi, na mimi ni mmoja wa wachache waliobaki.

Jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kulijua ni kwamba kwetu hakuna kitu kinachokuwepo mpaka kizinduliwe. Tuna Wizara ya Uzinduzi, na ndiyo wizara kubwa kuliko zote, ina magari kuliko jeshi. Daraja la mto wetu mkubwa lilikamilika zamani, la zege tupu, na taa juu, lakini mgeni rasmi hajapata nafasi. Basi wananchi wanaogelea kando yake kwa nidhamu, na wanashukuru kwamba zile taa zinawasaidia kuwaona mamba. Choo cha soko kuu, kwa upande mwingine, kimeshazinduliwa mara tatu na bado hakijachimbwa shimo. Hata mvua za masika huzinduliwa. Mwaka juzi zilinyesha kabla Waziri hajafika, na wakulima waliothubutu kupanda walichukuliwa hatua.

Mimi naitwa Sudi, Mwandishi Mwandamizi wa Kaulimbiu katika Wakala wa Taifa wa Fikra Mpya. Sisi ndio tunaofikiri kwa niaba ya wananchi ili wao wapate muda wa kufanya shughuli zao. Mabango yote mnayoyaona barabarani ni yetu, na nembo, na matangazo ya redio, na zile salamu za pongezi ambazo serikali hujitumia kila mwezi. Kwa miaka mingi tulibanana katika ghala la zamani la mbolea, pamoja na watu wa Idara ya Mizani ambao walikuwa na tabia mbaya ya kutaka kupima kila tulichosema.

Ndipo tukapewa jengo jipya. Jamani, jengo. Kioo kuanzia chini hadi juu, dari refu, sakafu inayong'aa mpaka unaona meno yako. Linatazamana na hospitali ya wilaya, barabara tu katikati. Siku tulipooneshwa kwa nje, mkurugenzi wetu mkuu, Dakta Burhani Kisaka, alitoa leso akajifuta macho, na sisi sote tukatoa leso, hata wale ambao hawakuwa na leso.

Ikaamuliwa kwamba tutasherehekea wiki nzima, kuanzia Jumatatu, na kwamba mgeni rasmi, Waziri wa Uzinduzi mwenyewe, atakuja kukata utepe siku hiyo hiyo ya kwanza. Katika wiki hiyo kazi nyingine zote zilisimamishwa, maana tulikuwa na kazi nyingi mno ya kutangaza kwamba tunasherehekea.

Sasa niwajulishe Azaria Ndolwa, maana yeye ndiye chanzo cha yote. Azaria ni mchoraji wetu, mtu mpole, akipita kwenye mlango anauomba radhi. Yeye na mkewe, Siwema, walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto, wamezunguka kwa waganga na madaktari mpaka watu wameacha kuwauliza. Hatimaye Siwema akashika mimba, na mimba yenyewe ikawa ya shida, madaktari wakamlaza katika hospitali hiyo ya ng'ambo ya barabara wakingoja siku zitimie. Kila mchana Azaria alikuwa anampelekea uji na kukaa naye akimsugua miguu. Hakuwa na jambo jingine duniani alilolitaka zaidi ya kuwa pale mtoto atakapokuja. Alilisema mara nyingi, hata tulipokuwa hatujamuuliza.

Siku ya Jumapili Azaria aliingia ndani ya jengo jipya, kwa kibali maalumu cha mafundi, kuandika ukutani kaulimbiu niliyoitunga mimi: FIKRA MPYA HAZINA KUTA. Alikuwa hajamaliza kulipokucha.

Jumatatu asubuhi Afisa Itifaki wa wizara, Bi Tufaha Lukindo, alifika na begi lililojaa tepe za kila rangi. Bi Tufaha ni mama wa sauti ya chini ambayo haijawahi kupingwa na mtu. Akafunga utepe mwekundu mlangoni, usawa wa kiuno, fundo kushoto, ua kulia. Kisha, kama taratibu zinavyotaka, akauliza kama kuna mtu ndani. Aliuliza akiwa ameelekea barabarani, kwa sababu taratibu zinataka afisa asiupe utepe mgongo wala asiukodolee macho. Ndani, Azaria alikuwa juu ya ngazi, ameuma brashi. Hakuweza kujibu. Bi Tufaha akatangaza kwamba jengo ni tupu na limefungwa rasmi likingoja kufunguliwa.

Azaria alishuka ngazi, akaja mlangoni akijifuta mikono, akakuta utepe. Sisi tulikuwa nje kwenye turubai, tumevaa fulana mpya, bendi inapasha tarumbeta. Tulipomwona amesimama kule ndani tuliishiwa pozi.

Najua mnachotaka kusema. Mtasema: si afungue tu? Ndiyo maana nchi yetu haina watu kama ninyi kwenye nafasi nyeti. Utepe ukifunguliwa bila mgeni rasmi unahesabika umekatwa na mtu asiyestahili, na kitu kilichokatiwa utepe na mtu asiyestahili hakina budi kubomolewa. Tuliwahi kupoteza uwanja mzima wa mpira kwa sababu ya mbuzi. Mtasema tena: si apite chini? Kupita chini ya utepe ni kutumia jengo kabla halijakuwepo, na kifungu chake kinajulikana. Mtasema: mlango wa nyuma je? Mlango wa nyuma una uzinduzi wake, wa Naibu Waziri, na huo haujapangiwa hata mwezi.

Dakta Burhani alikuja karibu na utepe, akasimama hatua ya heshima, akamwambia Azaria asiwe na wasiwasi, mgeni rasmi anakuja muda si mrefu. Azaria akajibu kwamba hana wasiwasi, ila anaomba mchana awahi ng'ambo na uji. Tukamhakikishia.

Kabla ya saa sita ukaja ujumbe kwamba Mheshimiwa amepata udhuru, amekwenda kuzindua foleni.

Basi tukaendelea na ratiba bila yeye, palepale barabarani. Kulikuwa na keki yenye umbo la jengo, kubwa, ya kioo cha sukari, lakini hatukuila kwa sababu nayo ilifungwa utepe. Kulikuwa na risala ya wafanyakazi, ambayo niliiandika mimi na kuisoma mimi, na ndani yake nilitamka "itifaki imezingatiwa" mara nyingi kiasi kwamba Bi Tufaha alinitazama kwa upendo. Kwa bahati nzuri ikaamuliwa kwamba chakula si mtu, kwa hiyo kinaweza kupita chini ya utepe. Tukamsukumia Azaria sahani ya wali. Suala la choo lilichukua muda zaidi, maana vyoo vya ndani havijazinduliwa, mpaka Dakta Burhani alipotoa mwongozo kwamba mtumishi anaweza kuvitumia kwa majaribio, mradi asifurahie.

Uji wa Siwema, siku hiyo, nilimpelekea mimi. Alinyoosha shingo kutazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja. Nikamwambia mumewe ana majukumu ya kitaifa. Alipokea bakuli akaliweka kando.

Jumanne ilikuwa ya michezo. Tulivuta kamba, tukakimbia na magunia, mhasibu wetu akafukuza kuku akavunja kidole. Waziri alituma salamu kwamba yuko njiani, lakini njia yenyewe haijazinduliwa. Jumatano tulikuwa na kongamano lenye mada "Mchango wa Dari Refu katika Kufikiri kwa Juu", na wataalamu walizungumza chini ya turubai la chini sana huku wameinamisha vichwa. Mtaalamu mmoja alionesha kwa mkono kule ndani na kusema kwamba mtumishi yule aliyeko chini ya dari refu bila shaka anafikiri mambo makubwa wakati huu. Sote tukageuka. Azaria alikuwa amebandika kipaji cha uso kwenye kioo, anatazama hospitali.

Niseme ukweli, nilimhurumia. Mimi si jiwe. Usiku nililala vibaya nikimfikiria. Lakini huruma nayo ina mahali pake, na mahali pake si mbele ya utaratibu.

Alhamisi, katikati ya upandaji miti, muuguzi mmoja alivuka barabara na kisanduku mkononi. Akasema Siwema amepungukiwa damu, kundi lake ni la shida kupatikana, na kwenye faili lake imeandikwa kwamba mume wake ndiye wa kundi hilo. Anahitajika sasa hivi.

Azaria alikuwa ameshakunja mkono wa shati kabla muuguzi hajamaliza. Lakini Bi Tufaha akauliza swali ambalo mtu mwenye akili lazima aulize: mkono ukitoka, je, mtu ametoka? Bendi ikanyamaza. Kamati ikaitishwa, kamati ikaagiza chai, chai ikangojewa. Muuguzi alisimama palepale na kisanduku chake, akisema jambo kuhusu muda, lakini hakuwa mjumbe.

Uamuzi ulipotoka ulikuwa wa hekima. Mkono hadi kabla ya kiwiko ni salamu, na mtumishi anaruhusiwa kumpungia mgeni. Kupita kiwiko ni kutoka. Muuguzi akasema mshipa wenyewe uko palepale penye kiwiko, kwa ndani. Tukaingia tena kikaoni. Mwishowe Dakta Burhani akatamka kwamba kiwiko ni mpaka, na mpaka ni mali ya pande zote mbili. Azaria akanyoosha mkono juu ya utepe, Bi Tufaha akashika fimbo ya kupimia, muuguzi akachoma sindano. Sijapata kuona mtu anayetoa damu akifurahi kama yule.

Mfuko ulipojaa, mtu wa sheria akauliza kama damu ya mtumishi nayo ni mtumishi. Hapo mkurugenzi wetu alionesha kwa nini yeye ni mkurugenzi. Alisema damu hiyo imepewa ruhusa ya safari ya kikazi. Tukaisindikiza kuvuka barabara kwa tarumbeta.

"Mwambieni nakuja," Azaria aliita nyuma yetu. "Mwambieni Waziri akishakata tu, nakuja."

Waziri hakukata. Siku hiyo alikuwa anazindua ratiba ya uzinduzi.

Ijumaa ndiyo siku ambayo rasmi hakikutokea kitu, na ninawasimulia kwa siri tu. Tulikuwa kwenye mashindano ya kaulimbiu, mimi ndiye jaji na ndiye mshindani, mambo yalikuwa moto. Akatokea mama mkwe wa Azaria, mamake Siwema, anahema, kanga imemtoka begani hana habari nayo. Mshereheshaji akamkaribisha kwenye viti vya wananchi. Akampita. Akampita Dakta Burhani, akampita Bi Tufaha, akaenda akasimama pale kwenye utepe kabisa, mahali ambapo hata wakurugenzi hawasimami.

"Azaria baba," akasema, "wamemwingiza mwenzako kupasuliwa. Anakuulizia."

Bi Tufaha akamwendea, akamweleza kwa sauti yake ya chini kwamba kama ana hoja aipitishe kwa mwenyekiti. Yule mama akautazama utepe. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, na mimi sikupenda hata kidogo alivyotutazama.

Azaria alinitafuta kwa macho. "Kaka Sudi," akasema, "nifanyeje?"

Kwa nini aliniuliza mimi sijui. Labda kwa sababu maneno ya ukutani yalikuwa yangu. Nilijikaza nikamjibu kama mtu mzima. Nilimwambia, "Vumilia kidogo. Mheshimiwa yuko njiani."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa. Akaweka brashi yake chini. Kisha akainama, akapita.

Ndivyo. Aliinama akapita. Utepe ulimgusa mgongoni ukacheza kidogo, halafu ukatulia. Akasema, "Samahanini, jamani," akamshika mama mkwe wake mkono, wakavuka barabara mbio, suruali yake imejaa rangi.

Nilitazama kioo cha jengo nikitarajia kipasuke. Hakikupasuka. Nilitazama juu. Anga lilikuwa vilevile. Yule mhasibu wa kidole kilichovunjika alikaa chini. Wallahi kama kungetokea radi fulani, hata moshi kidogo, tungejua la kufanya, lakini hakikutokea kitu kabisa, na hicho ndicho kilichotutia hofu. Tulisimama na fulana zetu hatutazamani.

Bi Tufaha ndiye aliyetuokoa. Alilainisha ua la utepe, akasema, "Mimi sijaona mtu."

Dakta Burhani akasema naye hajaona. Mhasibu hajaona. Bendi, watu wote wale, hawajaona. Ilipofika zamu yangu nikasema sijaona, na mara nikahisi nafuu, kwa sababu kweli, nikifikiria vizuri, nilikuwa nimefumba macho kidogo. Kwa hiyo Azaria bado yumo ndani. Mchana tukamsukumia sahani yake ya wali. Jioni ilikuwa palepale na nzi juu, na ikarekodiwa kwamba mtumishi hana hamu ya kula.

Jumamosi alfajiri zikaja habari ambazo zilimfanya Dakta Burhani avae viatu bila soksi. Waziri anakuja, kweli safari hii, na magari yameshatoka. Na haji kwa ajili ya jengo. Mheshimiwa amesikia habari za mtumishi ambaye wiki nzima ameuheshimu utepe unaofika kiunoni, na mkewe yuko ng'ambo ya barabara anaumwa, na hakuinama. Mheshimiwa, tuliambiwa, alilia garini. Anakuja na Nishani ya Utii, daraja la kwanza, amvishe kwa mkono wake kabla ya kumkatia utepe.

Nikatumwa hospitali.

Nilimkuta Azaria kwenye benchi la wodi ya wazazi, amebeba kifurushi cha kanga. Ndani ya kifurushi kulikuwa na msichana, mdogo sana, amekunja uso kana kwamba ameletewa habari mbaya. Siwema alikuwa amelala kitandani, amechoka, lakini mzima. Mama yake alikuwa anamlisha mchuzi kwa kijiko. Aliponiona hakunisalimu.

Nilimweleza Azaria yote, habari za nishani, machozi ya Mheshimiwa, na magari yaliyokwisha kutoka. Nikamwomba arudi ndani mara moja tu ili aje atolewe.

"Kaka, mimi nimeshatoka," akasema.

Nikamwambia rasmi hajatoka.

"Basi huyo ambaye hajatoka ndiye mumvishe."

Nikamsihi. Nilimkumbusha nchi, nikamkumbusha Wakala, nikamkumbusha na mimi mwenyewe, maana nilijua nikirudi mikono mitupu nitaulizwa. Azaria alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole wake uleule. Halafu akasema wangenipa mtoto nimbebe kidogo, lakini amelala. Nikaondoka.

Nilipotoa taarifa, Dakta Burhani hakukasirika. Alinizunguka akinitazama kimo. Alimwambia Bi Tufaha kwamba kwa mbali, na jua likiwa machoni, Sudi na Azaria wanalingana. Bi Tufaha akanipaka rangi kidogo kwenye suruali. Kisha wote, kwa heshima kubwa, wakageuka kutazama barabarani.

Nikainama, nikaingia. Ndani palikuwa pazuri, sikatai. Palikuwa baridi, na kaulimbiu yangu ilikuwa imeandikwa vizuri sana ukutani, kasoro herufi ya mwisho ambayo Azaria hakuwahi kuimaliza. Niliokota brashi nikasimama kama mtu aliyesimama wiki nzima.

Waziri alifika na watu wake, na ving'ora, na kikundi cha akina mama waliokuwa wameanza kuimba tangu jana. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye utepe, akanitazama kwa muda mrefu, midomo ikimtetemeka. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata siku ya ndoa yangu. Akavusha mkono juu ya utepe, mpaka kwenye kiwiko, akanibandika nishani kifuani. Watu wakalia. Mimi pia nililia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli.

Kisha akahutubia. Alisema nchi nyingine zina dhahabu na mafuta, sisi tuna mtu huyu. Alisema aliwaza njiani kwamba atamkatia utepe, lakini sasa, baada ya kumwona kwa macho yake, ameingiwa na woga. Mkasi ulikuwa umeshaletwa juu ya mto wa hariri, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuinua mguu.

"Mimi ni nani," Mheshimiwa akauliza, "niukatishe utii huu? Ni mkubwa kuliko wizara yangu. Utepe huu haustahili kukatwa na yeyote isipokuwa Mkuu wa Nchi."

Vigelegele vilipigwa mpaka njiwa wakahama paa la hospitali. Mkasi ukarudishwa garini. Nilisikia milango ya magari ikifungwa, mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakiondoka na wimbo wao.

Mkuu wa Nchi ana shughuli nyingi, na hilo kila mtu analielewa. Kwa sasa Wakala unafanya kazi zake chini ya turubai, na mimi nipo ndani kama Azaria Ndolwa, nishani kifuani. Chakula kinakuja vizuri. Tatizo dogo ni kwamba Sudi haonekani kazini, na Dakta Burhani amelazimika kumpa onyo kali kwa utoro. Alinisomea onyo hilo kupitia mlangoni ili nimfikishie nikimwona. Mke wangu naye huja na vyombo vyake, lakini kwa kuwa yeye si mke wa Azaria, anaambiwa akae kwenye viti vya wananchi. Hunipungia kanga kutoka huko. Mimi humpungia hadi kabla ya kiwiko.

Juzi Azaria alikuja kunitembelea. Wenzangu walipomwona wakaanza kushughulika na kamba za turubai. Aliinama, mtoto kifuani, akaingia kama anaingia kwao. Tukakaa kwenye sakafu inayong'aa, akanieleza Siwema anaendeleaje, na kwamba mtoto ananyonya vizuri ila usiku halali. Akaniwekea mtoto mapajani. Alikuwa mwepesi na wa moto, akanishika kidole, nami sikukivuta.

Azaria akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka Sudi, tutoke basi. Unainama tu."

Nilimweleza kwa utaratibu kabisa hali ilivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamchukua mtoto wake, akainama, akatoka, akavuka barabara taratibu akimkinga jua kwa kiganja. Nilimwonea huruma sana, mtu wa kuingia na kutoka hivihivi, bila hata mgeni rasmi.

Mtoto alikuwa amecheua maziwa juu ya nishani. Yamekauka sasa. Sijayafuta, kwa sababu sijui kama inaruhusiwa, na kila ninapoinamisha kichwa nayasikia harufu.